Ng'ombe Wanne Juu ya Nguzo za Zizi

Baba yangu hajawahi kuziita taa. Tangu siku niliyozishusha kwenye basi pale stendi ya Mpanda, zikiwa kwenye maboksi yaliyolowa pembeni, yeye aliziita ng'ombe. Akinipigia simu kutoka kijijini kwetu Kasekese, tukishaulizana hali, lazima aulize, "Na hizo ng'ombe zako zimeshindaje?" Kwa sauti ile ya mtu anayeulizia mgonjwa asiyempenda. Mimi nami mdomo wangu hauna breki. Namjibu, "Zimeshinda salama, baba. Hazijaingia shamba la mtu." Halafu anasema betri ya simu inaisha.

Na alikuwa na haki ya kuziita hivyo, maana zilikuwa ng'ombe kweli.

Bibi mzaa baba alinipa mtamba nilipokuwa msichana wa shule ya msingi, kwa kuwa mimi ndiye niliyelala naye chumba kimoja na kumkanda miguu ikimuuma. Ndugu wengine waliguna. Mtoto wa kike na ng'ombe wapi na wapi, si ataolewa ahamie nao kwa watu? Bibi akawaambia aliyekanda ndiye atakayekamua, na hakurudia. Mtamba akazaa, wanawe wakakua, wote wakakaa katika kundi la baba, kundi lile lile ambalo vizazi vyake vya nyuma vilitembea na wazee wetu kutoka Usukuma mpaka huku Katavi. Nilipohamia Mpanda mjini kutafuta maisha, nilikuwa na wanne wangu huko nyumbani: mweusi mwenye nyota kipajini, mwekundu, wa madoa, na mama yao, mzee aliyekatika pembe moja.

Mjini nilipanga chumba mtaa wa Misunkumilo na kufanya kazi ya kupamba. Vitambaa, maua, vifuniko vya viti, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, na nilikuwa naiweza. Sasa siku moja, kwenye harusi niliyoipamba mwenyewe mpaka vidole vikachubuka kwa pini, wakaja mafundi kutoka Mbeya na zile taa zenye kichwa kinachozunguka, wao wanaziita muvingi. Maharusi walipoingia, mianga ya muvingi ikashuka taratibu kutoka darini na kuwakuta mlangoni. Ukumbi mzima ukanyamaza. Maua yangu yakawa si kitu tena. Niliumia, siwafichi, niliona wivu mpaka kooni. Nikajiambia, mimi nami nitawafanya watu wanyamaze.

Nikaenda Kasekese kuwaomba ng'ombe wangu.

Baba hakukataa. Ng'ombe wa bibi hawakataliwi, hata yeye analijua hilo. Lakini ndiye aliyewalisha miaka yote ile, aliyewatoa miiba, aliyekesha na yule wa madoa alipokwama kuzaa. Aliwaswaga mwenyewe mpaka mnadani, akarudi, akanihesabia fedha za kununulia taa nne, akakaa kwenye kigoda na hakugusa chakula. Mama akaniita jikoni akaninong'oneza nimwache. Tangu siku hiyo baba akaacha kuniita mayu. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na ndivyo alivyokuwa akiniita tangu nijitambue, mimi binti yake mkubwa. Sasa nikawa "wewe".

Basi mdogo wangu wa kike akachumbiwa. Ng'ombe wa mahari wakaletwa, na tarehe ya kumuaga ikapangwa, sherehe ifanyike pale pale nyumbani Kasekese. Baba akanipigia simu.

"Hizo ng'ombe zako nataka kuziona siku ya kumuaga mdogo wako," akasema. "Wazee watakuwepo wote. Zikisimama, mimi nitanyamaza, sitakuuliza tena. Zisiposimama utaziuza, tununue mitamba, warudi zizini badala ya wale wa bibi yako. Umenisikia wewe?"

"Nimekusikia, baba. Zitasimama."

Nilipokata simu nikaujutia mdomo wangu. Kwa sababu wakati ule, nawaambia ukweli, zilikuwa hazisimami.

Nieleze kidogo. Taa zile hazifanyi kazi kwa swichi ya ukutani. Unakuwa na laptopu yenye programu ya kuendeshea taa, kifaa kidogo cha kuchomeka ubavuni mwa laptopu, na waya unaotoka hapo kwenda taa ya kwanza, kutoka ya kwanza kwenda ya pili, hivyo hivyo mpaka ya mwisho. Lugha inayopita kwenye ule waya inaitwa DMX, na si lugha ya maneno, ni ya namba tupu. Kila taa ina kijiskrini tumboni unapoiwekea namba yake ya kuanzia, ili ijue namba zipi ni zake na zipi ni za jirani. Mimi nikaona kazi rahisi hiyo. Taa ya kwanza nikaipa moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne nne, kama ndama unaowahesabu mlangoni.

Wee! Nikisema inama, moja inainama, ya pili inageuka ukutani, ya tatu inazimika, ya nne inapepesa kama ina wazimu. Nilikaa na ule ukichaa chumbani kwangu siku nzima, mama mwenye nyumba akija kuchungulia na kutikisa kichwa. Nikamuuliza fundi mmoja wa muziki pale mjini, akacheka akasema dada, hizo kazi za wanaume, rudi kwenye maua yako. Nilimwambia asante, nikaondoka kabla sijamwambia mengine.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikarudi chumbani, nikatazama video za watu wanaosema lugha ambazo sizijui, nikawa naangalia mikono yao tu. Kumbe taa moja haihitaji namba moja. Inahitaji kumi na sita: moja ya kugeuka kushoto na kulia, moja ya kuinama na kuinuka, nyingine za kurekebisha pole pole, ya mwendo, ya ukali wa mwanga, ya rangi, na kadhalika. Kwa hiyo ya kwanza ikianzia moja, ya pili inaanzia kumi na saba, ya tatu inaanzia mbele zaidi. Kila taa na kiwanja chake. Mimi nilikuwa nimejenga nyumba nne kwenye kiwanja kimoja halafu nashangaa watu wanagombana.

Nikazipa viwanja vyake. Bado zikagoma, kwa sababu programu ina orodha ya taa za dunia nzima inazozijua, na zangu, zisizo na jina la kueleweka, hazikuwemo. Ikabidi niifundishe. Nikawa nasukuma kitufe kimoja kimoja kwenye skrini na kuangalia taa inafanya nini. Hiki kimegeuza kichwa, nakiandika kugeuka. Hiki kimebadilisha rangi, nakiandika rangi. Hiki kimeizima taa na kuiwasha upya ikajinyoosha shingo kama imetoka kulala, hicho nikakiwekea alama kubwa nisije nikakigusa mbele za watu. Nilipomaliza, programu ikaniuliza niziite nini taa zangu. Nikaandika: Nyota. Mwekundu. Madoa. Pembe Moja. Nilipoyaona majina yale yamepangana kwenye skrini nililia kidogo, kisha nikapenga makamasi nikaendelea.

Mdogo wangu alikuja mjini kupima gauni, nikamwonyesha. Nikamweka katikati ya chumba, nikazima balbu, mianga minne ikashuka na kumkuta miguuni. Akaziba mdomo kwa mikono.

"Dada," akasema, "nitatembea nazo hivi hivi?"

"Kutoka mlango wa nyumba ya mama mpaka kwenye kiti chako. Wewe tembea tu, usiniangalie. Zitakufuata."

"Na baba ataona?"

"Ataona. Atakuwa amekaa pale mbele kabisa."

Hakuuliza zaidi. Alikuwa anajua kilichowekwa rehani siku ile, kila mtu nyumbani alikuwa anajua.

Nilifika Kasekese siku moja kabla, taa zimefungwa kwenye magodoro nyuma ya gari la kukodi. Baba alikuwa amesimama uani. Akatazama maboksi yakishushwa, akasema, "Zimekonda," akaenda zake.

Shida ya kwanza ikawa pa kuziweka. Ukumbini kuna dari na vyuma. Nyumbani kuna mbingu. Turubai la wageni lilikuwa na miti myembamba ya kukodi, ukiiegemea inalalamika. Taa moja ni nzito, na ikigeuza kichwa kwa nguvu inavuta mwili. Inataka kitu kisichotikisika. Nikauzunguka uwanja mzima nikitafuta kitu kisichotikisika, na jicho langu likaangukia pale ambapo jicho la mtoto wa mfugaji lingeangukia: nguzo za zizi.

Wasiolijua zizi la baba nawaambia, zile si nguzo za mchezo. Magogo manene, yamechimbiwa kina cha mtu mfupi, yamekauka mpaka msumari unapinda. Upande wa mbele zipo nne zinazotazama uwanja na mlango wa nyumba ya mama. Nne. Nikaona hii ni bahati au ni mkono wa marehemu bibi. Nikakwea ngazi, nikapigilia vipande vya mbao juu ya vichwa vya nguzo, nikaziketisha taa zangu na kuzifunga kwa kamba na vyuma, moja moja. Ng'ombe walikuwa machungani. Zizi tupu, jua kali, nzi wachache tu.

Nikafikiria na ng'ombe pia, msidhani sikufikiria. Mwanga mkali ukimpiga ng'ombe machoni usiku anaweza kuvunja zizi, na humo ndani kulikuwa na ng'ombe wa mahari, wageni, hawajazoea pale. Kwa hiyo kwenye programu nikaweka mipaka. Taa isigeuke nyuma kupita hapa, isiinuke kupita hapa. Hata mtu akibonyeza kwa makosa, mwanga hautaingia zizini. Nilijiona mwerevu sana. Mjini nani angekumbuka macho ya ng'ombe?

Kesho yake mchana nikajaribu, jenereta ikinguruma nyuma ya jiko. Mwanga wa mchana hauonekani vizuri, lakini nikatundika kanga nyeupe mlangoni, mianga minne ikakutana juu yake na kutulia. Nikazitembeza pole pole kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti cha mdogo wangu. Zikaenda kama zinavutwa na uzi mmoja. Nikarudia tena na tena. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, akaangalia.

"Ng'ombe haelemewi na nundu yake," akaniambia. "Lakini kula kwanza."

Nikala. Nilikuwa na amani ambayo sikuwa nayo tangu siku ya mnada.

Jioni wageni wakajaa. Wazee wa ukoo mstari wa mbele, baba katikati yao, shati jeupe jipya bado lina mikunjo ya boksi, kofia mapajani. MC tuliyemleta kutoka Mpanda, na suti yake inayong'aa kuliko taa zangu, akaanza kuchangamsha watu. Mimi nilikuwa kwenye meza ndogo upande wa pili wa uwanja, karibu na turubai, laptopu mbele yangu. Ng'ombe walikuwa wamesharudi, niliwasikia wakiingizwa, kengele na kwato na miluzi, sikuinua hata kichwa. Sauti niliyozaliwa nayo ile, ningeisikiliza ya nini?

Giza lilipoingia nikaziwasha. Zikajinyoosha shingo zote nne kwa pamoja, watoto wakashangilia. Nikaweka rangi ya bluu tulivu juu ya uwanja. Nikamwangalia baba. Alikuwa ametulia, anazitazama kama anavyotazama ng'ombe wa mtu mwingine mnadani, miguu kwanza.

Kisha Madoa akaanza kutetemeka.

Mwanzo kidogo tu, mwanga ukicheza pale chini kama jicho linalopepesa. Nikadhani macho yangu. Kisha ukayumba, ukapanda ukuta wa nyumba ya mama mpaka kwenye paa, ukarudi. Mzee mmoja mstari wa mbele akakinga uso kwa mkono. Nikaanza kutafuta. Namba za kurekebisha pole pole, labda zinarukaruka, nikaziweka sifuri. Bado. Mwendo, nikaupunguza. Bado. Nikakumbuka kipande kimoja cha waya kilikuwa waya wa maiki, wa DMX haukutosha, nikainama nikakimbia kando ya uwanja kukibadilisha na cha akiba. Nikarudi jasho linanitoka. Sasa Madoa ametulia, anayetikisika ni Pembe Moja.

Nikasimamisha kila kitu. Programu ina kitufe cha kugandisha, ukikibonyeza hakuna namba inayosogea hata moja. Nikakibonyeza. Namba zikaganda. Mwanga ukaendelea kuyumba.

Niliangalia skrini, namba zimesimama kama mawe, niliangalia ukuta, mwanga unacheza. Ingekuwa waya ningejua. Ingekuwa namba ningejua. Sasa nilikuwa sijui, na kule kwenye taa sikuweza kuona kitu kwa sababu zilikuwa zinanimulika machoni na nyuma yake ni giza tupu. Watu wakaanza kunong'ona. MC akanisogelea, akaziba maiki kwa kiganja.

"Dada, bibi harusi yuko tayari mlangoni. Tuzime hizi tuwashe balbu za kawaida?"

"Usizime."

"Zinaumiza watu macho, dada yangu."

"Nimesema usizime. Nipe muda wa wimbo mmoja."

Aliguna, akaenda kuomba wimbo. Mimi nikaweka vidole kwenye laptopu na sikuwa najua pa kuvipeleka. Niliwaza ng'ombe wanne. Niliwaza bibi na miguu yake. Niliwaza nitakavyozifunga tena kwenye magodoro, na mnunuzi atakavyozigeuza geuza kutafuta kasoro. Nikamtazama baba, kwa sababu hukumu ilikuwa kwake na nilitaka kuiona usoni.

Baba hakuwa anatazama mwanga. Alikuwa ameinamisha kichwa, sikio moja limeelekea zizini, kama anasikiliza. Kisha akasimama. Akaweka kofia yake juu ya kiti, akapita mbele ya wazee bila kuomba radhi, akaondoka zake gizani.

Mstari wote wa mbele ukageuka kumtazama. Nikasema moyoni, basi. Ameona alichotaka kuona, hata kusubiri mdogo wangu atoke hakuweza. Na nilikasirika. Nilikasirika hasa. Nikasema hata akiondoka, hata wote wakiondoka, mtoto huyu nilimwambia atembee na mwanga na atatembea na mwanga, ukiyumba uyumbe. Nikaondoa ule ugandishaji, nikazima bluu, nikaita ule mpangilio wa mlangoni niliouhifadhi mchana.

Mianga minne ikashuka kwenye mlango wa nyumba ya mama. Mmoja ukayumba, ukapiga dirisha. Ukayumba tena kidogo. Ukatulia.

Sikuamini. Nilikuwa sijagusa kitu. Nikahesabu moyoni, umetulia. Mlango ukafunguliwa na mdogo wangu akasimama pale, gauni lake likawaka lote, na ule uwanja wa watu wa Kasekese, wenye watoto na vinywaji na redio, ukanyamaza. Kisha vigelegele vikapasuka kutoka kwa mama na wenzake. Mdogo wangu akaanza kutembea. Nikamfuata, hatua kwa hatua, kidole kimoja tu, na zile taa zikaenda naye kama zilivyoenda mchana, kama zinavutwa na uzi mmoja.

Alipofika katikati ya uwanja akasimama. Hatukupanga hivyo. Alikuwa anaangalia juu ya uzio wa zizi, uso umebadilika, machozi yanamtoka na rangi zote alizopakwa tangu asubuhi. Mwanga uliokuwa ukirudi kutoka kwenye gauni lake ulitosha kufika pale anapoangalia. Ndipo nami nikaona.

Baba alikuwa ndani ya zizi. Alikuwa amesimama kati ya nguzo na fahali wa mahari, mgongo ameukandamiza kwenye gogo, mikono yote miwili kwenye shingo ya yule mnyama, anamkuna. Shati jeupe jipya lilikuwa halina weupe tena. Kila fahali alipotaka kusogea na kujikuna kwenye nguzo, baba alimkuna yeye, pole pole, akimsemesha, na macho yake hayakuwa kwa fahali, yalikuwa kwa binti yake anayeng'aa katikati ya uwanja.

Jamani. Mchana ng'ombe walikuwa machungani. Nguzo zilisimama kwa sababu zizi lilikuwa tupu. Ng'ombe akirudi jioni anafanya nini cha kwanza? Anatafuta pa kujikuna, na anajikunia kwenye nguzo, na nguzo ikitikisika kiasi cha ukucha huku, mwanga kule mbali unaruka hatua nzima. Mimi niliyekulia pale, niliyewakamua, nilikwenda kutafuta ng'ombe kwenye laptopu. Nilikumbuka macho yao, nikasahau migongo yao. Baba alisikia nguzo ikilia. Angeweza kukaa tu kwenye kiti chake cha mbele, hakuna ambaye angemlaumu, na ng'ombe wake wangerudi.

Mdogo wangu akafika kwenye kiti. Kiti cha baba kilikuwa na kofia tu. MC, ambaye nilikuwa nimempania, Mungu amjalie, aliona alichoona na hakutania. Akaita wazee waseme neno, akarefusha mambo. Baba hakutoka zizini mpaka nilipozizima muvingi zote nne na kuwasha balbu za kawaida kwa ajili ya chakula.

Nikamfuata. Nilimkuta nje ya mlango wa zizi akisugua viatu kwenye majani, mikono imejaa mavi ya ng'ombe na manyoya. Nikampa kanga yangu afute mikono.

Akafuta kidole kimoja kimoja. Akaziangalia zile taa juu ya nguzo, zimeinamisha vichwa, zinatoa joto.

"Yule wa madoa ni yupi?" akauliza.

Nikamwonyesha wa tatu. Sikuwahi kumwambia kama niliwapa majina. Akamtazama muda mrefu.

"Ndiye aliyesumbua," akasema. "Tangu zamani." Kisha akanirudishia kanga. "Nguzo za zizi ni za ng'ombe hawa, mayu. Kesho nitakukatia mikaratusi ile niliyopanda nyuma ya nyumba, minne minene, uende nayo mjini. Hao wa kwako wajengee zizi lao."